Profesa anataka niwaondoe wauguzi wa usiku kwenye data. Nifanyeje?

Mshauri, shikamoo.

Safu hii naisoma siku zote, na mara nyingi wanaokuandikia wana shida za ndoa, za ndugu au za pesa. Yangu ni ya masomo, lakini imeninyima usingizi kama zinavyowanyima wengine zao, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Ninasoma shahada ya uzamivu katika sosholojia ya kazi. Utafiti wangu unahusu wauguzi na zamu zao. Katika hospitali niliyofanyia utafiti, baadhi ya wodi zimewaachia wauguzi wajipangie zamu wenyewe. Karatasi ya mwezi inabandikwa ukutani ikiwa tupu, kila mmoja anajaza siku anazoweza, kisha wanakaa pamoja kuziba mapengo. Wodi nyingine zimebaki na utaratibu wa zamani: mkuu wa wodi anapanga, wao wanakuta majina yao yameshaandikwa. Nilitaka kujua kama kujipangia zamu kunapunguza nia ya muuguzi kuacha kazi. Nadharia tete yangu, yaani dhana niliyotaka kuipima, ilisema kunapunguza. Nilichukua wodi sita za kila aina, nikagawa madodoso kwa wauguzi wote, kisha nikafanya mahojiano ya kina na wachache kutoka kila upande.

Matokeo ya madodoso hayakuonyesha tofauti ya maana. Nia ya kuacha kazi iko chini kidogo katika wodi zinazojipangia, lakini thamani ya p (uwezekano wa tofauti kama hiyo kujitokeza kwa bahati tu kama kweli hakuna tofauti) ni 0.19, juu ya mpaka wa kawaida wa 0.05. Mahojiano nayo yamesema jambo jingine kabisa. Muuguzi mmoja aliniambia: "Zamani kuomba siku ya kwenda shuleni kwa mwanangu nilikuwa najihisi kama naomba mkopo. Siku hizi naandika jina langu kwenye kisanduku, basi." Mwingine alisema kama si utaratibu huu angekuwa ameshaondoka. Karibu wote wa wodi zile waliongea hivyo, na walivyoongea sikuona dalili ya kunifurahisha.

Nilimpelekea msimamizi wangu majedwali. Akayapitia kwa makini, kama kawaida yake, akagundua kwamba wauguzi wanaofanya zamu za usiku tu wamejibu tofauti na wenzao. Kwao kujipangia hakujabadilisha chochote. Akaniambia, "Hawa si wa kawaida. Waondoe, endesha upya." Niliendesha papo hapo, tukiwa tumekaa pamoja, na p ikashuka hadi 0.03. Alifurahi, hata mimi kwa dakika chache nilifurahi. Kisha akasema sura ya kwanza niiandike upya ili nadharia tete isomeke kwamba tangu mwanzo niliwalenga wauguzi wa mchana, na mahojiano niyapeleke kwenye viambatisho kwa sababu yatavuruga hoja.

Mshauri, huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyenipokea wakati wengine waliona mada yangu haina kichwa wala miguu. Posho yangu inatoka kwenye mradi wake, na wafadhili wa mradi huo wanasubiri ripoti. Nimemchukulia kama mzazi. Niliondoka ofisini kwake nikisema nitalifanyia kazi, na mpaka leo sijamjibu.

Rafiki yangu tunayesoma naye ananiambia kila mtu anafanya hivyo, nimalize kwanza, mengine nitayakuta mbele. Lakini nikifungua faili la data namkumbuka muuguzi mmoja wa usiku aliyelijaza dodoso langu alfajiri, koti liko begani, begi limeshafungwa, gari la wafanyakazi linamsubiri nje. Alijibu maswali yote, hata yale marefu ya mwisho ambayo wengine waliyaruka. Sasa ndiye ninayeambiwa nimfute.

Nikikubali, nitakuwa nimedanganya? Nikikataa, nitampata wapi msimamizi mwingine nikiwa mwaka wa mwisho? Na kwani ukweli uko wapi, kwenye madodoso au kwenye mahojiano?

Mwanafunzi wa uzamivu, jina nimelihifadhi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika vizuri na kwa utulivu kuliko unavyojidhani.

Nikikusoma sawasawa, umebeba mizigo miwili iliyofungwa pamoja. Wa kwanza ni wa data: vyombo viwili vya utafiti vimekupa majibu mawili, na hujui ukiamini kipi. Wa pili ni wa mtu: unamheshimu profesa, unamtegemea, na amekuelekeza njia ambayo moyo wako umeikataa. Naomba tuufungue huo wa kwanza kabla ya wa pili, kwa sababu nahisi sehemu ya hofu yako kwa profesa inatokana na kwamba wewe mwenyewe bado huna uhakika data yako inasema nini. Ukiingia ofisini kwake ukiwa na uhakika huo, hata sauti yako itakuwa nyingine.

Umeandika kwamba madodoso "hayakuonyesha tofauti ya maana", na ukaliacha neno hilo kama mlango uliofungwa. Lakini 0.19 haisemi kwamba kujipangia zamu hakusaidii. Inasema hivi: kama kweli kusingekuwa na tofauti yoyote, bado tofauti kubwa kama uliyoipata, au kubwa zaidi, ingejitokeza kwa bahati tu takribani mara 19 katika kila mara 100. Huo ni ushahidi dhaifu wa kuwepo kwa tofauti, si ushahidi wa kutokuwepo. Na ule mpaka wa 0.05 unaotutia jasho sote haukushuka kutoka mbinguni. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliueneza katika kitabu chake cha 1925 kama kiwango kinachofaa kwa matumizi ya kawaida. Angalia pia ukubwa wa tofauti yenyewe na upana wa makadirio yake. Huenda data yako inaruhusu athari kubwa kabisa na inaruhusu sifuri pia, maana yake sampuli haikutosha kuamua.

Hapo ndipo nina swali ambalo barua yako haikulijibu, na kwangu ndilo zito kuliko yote ya kitakwimu: ulipoendesha uchanganuzi, uliwahesabu wauguzi mmoja mmoja kana kwamba hawajuani? Wauguzi wa wodi moja wana mkuu mmoja, wagonjwa wale wale, upungufu ule ule wa watu, na wanaambukizana uchovu na moyo wa kazi. Majibu yao yanaegemeana. Aliyepewa utaratibu wa kujipangia ni wodi, si muuguzi mmoja mmoja, kwa hiyo ulichonacho hasa ni wodi kumi na mbili, hata kama madodoso ni mamia. Mwanatakwimu Jerome Cornfield alionya mwaka 1978 kwamba kugawa watu kwa makundi kisha kuwachanganua kama watu binafsi ni kujidanganya wenyewe. Ukitumia uchanganuzi unaozingatia wodi, mara nyingi p hupanda. Yaani ile 0.03 iliyowafurahisha wote wawili huenda haipo kabisa. Sikuambii haipo, maana data yako sijaiona. Nakuambia itazame kabla hujaamua kuipigania au kuikataa.

Lipo na jambo la nani aliyechagua. Wodi zinazojipangia zilianzaje? Kama ni wakuu wa wodi walioomba wenyewe, basi huenda hao ni viongozi wasikivu tangu zamani, na wauguzi wao wangetulia kazini hata bila karatasi ile ya ukutani. Donald Campbell na Julian Stanley waliliandikia hili kwa kirefu mwaka 1963: makundi yakijipanga yenyewe, tofauti uliyoiona mwishoni inaweza kuwa ilikuwepo mwanzoni. Hili haliui utafiti wako. Linataka tu lisemwe wazi kwenye sura ya mbinu.

Sasa nije kwenye swali lako la ukweli uko wapi, ambalo nimelipenda kuliko yote.

Kati ya mwaka 1930 na 1932 mwanasosholojia Richard LaPiere alisafiri sehemu nyingi za Marekani pamoja na kijana Mchina na mkewe, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Walifika katika hoteli, nyumba za wageni na migahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Baadaye LaPiere aliwaandikia wenye sehemu hizo dodoso, akauliza kama wangewapokea wageni Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1934, na wasomi wamebishana juu yake tangu hapo. Aliyejibu barua huenda hakuwa yule aliyesimama mapokezini, na wanandoa wale waliongozana na mzungu. Lakini hakuna aliyeweza tena kudhani kwamba karatasi na maisha vinasema lugha moja. Wengi hukitumia kisa hiki kulidharau dodoso. Mimi nakisoma tofauti: vyombo viwili vikitofautiana, mara nyingi ni kwa sababu viliuliza mambo mawili.

Yatazame yako. Dodoso lilimuuliza muuguzi kama ana nia ya kuacha kazi. Kwenye mahojiano alikueleza habari ya heshima yake, ya kutokuomba siku ya mtoto kama mkopo. Mtu anaweza kuipenda karatasi ile kwa moyo wote na bado akaondoka, kwa sababu mshahara hautoshi au mgongo umechoka. Hapo hakuna aliyedanganya. Tena umeniambia hukuona dalili ya kukufurahisha, na nakuamini, lakini ninyi mlikaa uso kwa uso, walijua unatafiti nini, na waliokubali kukaa nawe saa nzima baada ya zamu huenda ndio wenye la kusema. Umeandika "karibu wote". Mimi ningetamani kuwasikia hao wachache walioko nje ya hilo "karibu". Walisema nini? Rudi kwenye rekodi zao uzisikilize kabla ya nyingine zote.

Na hapa kuna jambo dogo ambalo nimelirudia mara kadhaa nikisoma barua yako. Kati ya uliowahoji kwa kina, wangapi ni wa usiku? Mtafiti huwahoji wanaopatikana, na wa usiku huwa wamelala wakati sisi tunatembea na vinasa sauti. Ikiwa uliowahoji wengi wao ni wa mchana, basi madodoso na mahojiano yako hayagombani hata kidogo. Yote mawili yanasema kujipangia zamu kumewasaidia watu wa mchana, na dodoso peke yake ndilo lililowafikia wale ambao hakujawasaidia. Hapo kumfuta muuguzi wa alfajiri kungekuwa kufuta sehemu ya utafiti inayoeleza nyingine zote.

Tumtendee haki profesa pia. Alichokiona si upuuzi. Kwa jicho la mtu aliyezoea majedwali, alitambua kwamba kundi moja linakwenda njia yake, na hilo ni jambo la kisayansi la kufurahia. Tena ipo sababu halali inayoweza kuwaondoa wauguzi wa usiku kwenye ulinganisho: kama mikataba yao inawafunga kwenye usiku na ile karatasi haikuwahusu kamwe, basi hawakupata utaratibu unaouchunguza. Lakini sababu hiyo inatafutwa kwenye mikataba na kwenye karatasi za zamu. Haitafutwi kwenye p. Na ikithibitika, inawahusu wa usiku wa wodi zote kumi na mbili, si upande mmoja tu. Je, alipokuambia "si wa kawaida", alimaanisha hilo, au alimaanisha wanaharibu matokeo? Wewe ulikuwepo, na bado nadhani hujui, kwa sababu hukumuuliza.

Tatizo linaanzia kwenye kuamua baada ya kuona. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha jambo hili kwa mfano usiosahaulika. Walitumia data halisi za wanafunzi, wakajiruhusu uhuru ule wa kawaida wa kuchagua vigeu (mambo yanayopimwa) na kuamua lini waache kukusanya, wakapata matokeo "yenye umuhimu wa kitakwimu", yaani p chini ya 0.05, kwamba kusikiliza wimbo fulani kuliwafanya wasikilizaji wawe na umri mdogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Jambo lisilowezekana, na kila hatua yao ilikuwa ya aina ambayo watafiti waadilifu huichukua kila siku. Na kuhusu nadharia tete inayoandikwa baada ya matokeo kisha ikasomwa kama ilitangulia, Norbert Kerr aliijadili mwaka 1998 akaonyesha madhara yake: msomaji anaambiwa wazo limepita mtihani, kumbe wazo limezaliwa na majibu ya mtihani.

Lakini usidhani kwamba kila uamuzi wa mchanganuzi ni hila. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, timu 29 zilipewa data zile zile za waamuzi wa mpira wa miguu, zikaulizwa kama wachezaji wenye ngozi nyeusi wanapewa kadi nyekundu zaidi. Timu 20 ziliona athari yenye umuhimu wa kitakwimu, tisa hazikuiona. Wote walikuwa waaminifu, na wote waliweka njia zao mezani. Kwa hiyo swali lako la kudanganya, ningelisogeza kidogo. Kuwatazama wa mchana peke yao si uongo. Kumwambia msomaji kwamba hukuwahi kukusudia kuwatazama wengine ndiko kunakokukosesha usingizi, na nadhani usingizi wako unajua unachokifanya.

Kuhusu rafiki yako, anakupenda na anataka umalize. Sina zaidi juu ya hilo.

Huenda profesa anaogopa kwamba utafiti usio na matokeo ya kuvutia hautasomwa, na hofu hiyo ina msingi. Robert Rosenthal aliandika mwaka 1979 juu ya tafiti zisizo na matokeo ya kuvutia zinavyoishia kwenye droo. Annie Franco na wenzake walifuatilia tafiti 221 za sayansi ya jamii, wakaonyesha mwaka 2014 kwamba karibu theluthi mbili za zile zisizo na matokeo hazikuandikwa kabisa. Si wahariri waliozikataa. Watafiti wenyewe ndio walioona hakuna haja. Profesa amekulia katika ulimwengu huo na huenda anadhani anakuokoa. Ila tasnifu si makala ya jarida. Watahini huangalia kama umeuliza swali la maana, ukalisanifia utafiti unaolifaa, na ukasoma matokeo kwa akili. Muulize yeyote aliyetetea katika idara yenu kama kuna aliyefelishwa kwa sababu ya 0.19.

Tuziangalie njia zilizo mbele yako, na gharama ya kila moja.

Unaweza kufanya alivyosema. Utamaliza kwa amani naye, posho itaendelea. Lakini pendekezo lako la utafiti liko kwenye faili la kamati ya maadili, lina tarehe, na limeandika "wauguzi", si "wauguzi wa mchana". Siku ya utetezi mtu akiuliza kwa nini wa usiku hawamo, utakayejibu ni wewe, si yeye. Na lipo jingine zaidi ya mtihani: hospitali ikisoma kwamba kujipangia zamu kunawabakiza wauguzi kazini, itaueneza utaratibu huo, na wa usiku wataambiwa utafiti umeshasema ni mzuri. Hilo la mwisho ndilo ningetaka ulifikirie kwa muda mrefu kuliko lile la utetezi.

Unaweza kukataa waziwazi. Utabaki na dhamiri nyeupe, lakini unaweza kumjeruhi mtu aliyekuwa mwema kwako kwa jambo ambalo huenda mngelimaliza kwa mazungumzo, na mwaka wa mwisho kubadilisha msimamizi hula miezi. Katika idara nyingi inawezekana, ila haiji bila makovu.

Ipo njia ya kuandika vyote. Unaripoti kwanza uchanganuzi uliokusudiwa, wauguzi wote wakiwemo, hata kama hauvutii. Kisha unafungua sehemu inayosema wazi kwamba haya yaliyofuata yaligunduliwa baada ya kuona data, na hapo unalipa wazo la profesa uwanja wake wote: usiku dhidi ya mchana. Usilipime kwa kufuta watu. Lipime kwa kuuliza moja kwa moja kama athari kwa wa mchana inatofautiana na athari kwa wa usiku, maana 0.03 kwa wa mchana na 0.19 kwa wote pamoja si uthibitisho kwamba makundi yanatofautiana. Andrew Gelman na Hal Stern waliliandika hilo mwaka 2006 na bado watu wanateleza pale pale. Mahojiano unayarudisha kwenye mwili wa tasnifu, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kueleza kwa nini. Gharama yake? Sura itarefuka. Hitimisho litakuwa la tahadhari, na wafadhili hawapendi tahadhari. Ukizingatia wodi, huenda usibaki na p yoyote ya kujivunia. Na profesa anaweza kusema umedhoofisha kazi. Njia hii ina staha, lakini si rahisi kama inavyosikika, usiichague kwa kuwa tu imekaa katikati.

Mwisho, unaweza kumshirikisha mtu mwingine: msimamizi wa pili kama unaye, mratibu wa wanafunzi wa uzamivu, au mwanatakwimu wa chuo. Hapa mpangilio una uzito. Ukienda kwa mratibu kabla hujazungumza na profesa, atasikia kwamba umemshtaki. Ukienda kwa mwanatakwimu ukauliza jinsi ya kuchanganua wodi kumi na mbili, umeuliza swali la kitaalamu tu, hujamtaja mtu, na utarudi na kitu mkononi.

Umesema umemchukulia kama mzazi. Naelewa, na sitaki nikuondolee heshima hiyo. Nakuuliza tu: shukrani unayodaiwa kwake inalipwa kwa namna gani? Kwa kazi nzuri inayobeba jina lake, au kwa ukimya wako siku ile? Huenda hata yeye hajawahi kufikiri kwamba anakudai la pili. Alizungumza mara moja, kwa mdomo, akiwa na furaha ya kuona namba imeshuka. Watu husema mengi katika hali hiyo.

Ukienda kwake, ningeanzia kwenye alichokiona yeye. Kitu kama hiki: "Profesa, lile uliloliona kwa wauguzi wa usiku limenikaa kichwani. Nadhani ndilo jambo muhimu kuliko yote kwenye data hii, na naogopa tukiwaondoa tutalipoteza. Naomba nikuonyeshe namna ninavyofikiria kuliandika." Kisha mwekee kurasa mbili, si maneno matupu. Akishika kalamu kuanza kurekebisha, mmeshaingia kwenye mazungumzo ya kazi. Akikataa, utakuwa umejua kwa hakika kwamba alimaanisha, na hapo ndipo zile njia nyingine zinaanza kuwa na sura. Vyovyote itakavyokuwa, baada ya kikao mtumie ujumbe mfupi wa adabu unaorudia mliyokubaliana. Na data ghafi, pamoja na kila hatua ya uchanganuzi, zihifadhi zikiwa na tarehe, mahali ambapo hakuna mtu atakayezibadilisha, hata wewe.

Kabla ya kukutana naye, naomba uangalie mambo mawili. Hesabu wauguzi wa usiku walio kwenye mahojiano yako. Halafu tafuta karatasi za zamu za zile wodi sita zinazojipangia, uone kama visanduku vya usiku vilikuwa tupu pamoja na vingine siku zilipobandikwa, au vilikuwa vimeshajazwa. Ukishajua, niandikie. Kama vilikuwa vimeshajazwa, nitakuwa na mengine ya kukuambia kuhusu nani hasa alijipangia zamu katika wodi zile, na huenda hata swali la tasnifu yako likahitaji kutazamwa upya.